Raili na Pumzi za Tuovi

Raili Hietamies alianza kuongoza muziki katika ukumbi wetu wa michezo, hapa mjini Tampere, nywele zake zikiwa bado nyekundu. Mimi nilikuwa mpiga klarineti wake. Watazamaji walimwona mgongo tu, wakadhani kazi yake ni kupunga mikono. Kumbe ndiye aliyeushusha wimbo uimbwe kwa sauti ya chini mwigizaji akipata mafua, na ndiye aliyewafundisha kuimba watu waliojua kusema tu.

Mmoja wao alikuwa Tuovi, mwigizaji wetu mkuu. Uzee ulipomwingia, pumzi ikaanza kumkatikia katikati ya mstari. Raili hakumwambia mtu. Alimtazama mabega; kila yalipopanda kuvuta pumzi, Raili alisimamisha mkono hewani, nasi wapigaji tukasubiri. Watu walidhani ni madaha ya Tuovi. Tuovi mwenyewe alidhani hivyo hivyo.

Kisha akaja mkurugenzi mpya, Ilpo. Alimfuata Raili kantini tukinywa kahawa.

"Mama, nirekodie muziki wote wa onyesho. Waigizaji wakafanyie mazoezi nyumbani."

"Na wapigaji wangu?"

"Si wapo? Waende wapi?"

Tukarekodi. Raili aliturudisha mwanzo mara nyingi hadi midomo ikatuwaka moto. Alitaka kila kitu kiwe safi. Wiki ya onyesho tulikuta shimo letu la kupigia muziki mbele ya jukwaa limefunikwa mbao.

"Bajeti imebana," Ilpo alisema. "Rekodi yenu ni nzuri mno, inatosha."

Raili alimsogelea. "Rekodi haisubiri mtu. Tuovi ataimbaje?"

Tuovi alikuwa jukwaani, akasikia. "Nani kakwambia mimi nasubiriwa?"

"Tuovi, pumzi zako…"

"Pumzi zangu zina nini? Kumbe miaka yote hii unanihurumia! Ondoka mbele yangu."

Usiku wa ufunguzi mimi na Raili tulikaa miongoni mwa watazamaji. Wimbo mkubwa ulipofika, Tuovi akavuta pumzi. Muziki haukungoja. Akaukimbilia, akaruka maneno, akaukosa tena. Mwishowe akasimama mdomo wazi, na fidla zetu zikaendelea bila yeye. Nyuma yetu mtu akacheka. Raili alikuwa anapunga kidole juu ya goti lake, polepole.

Baadaye tulimkuta Tuovi nyuma ya jukwaa akifuta rangi usoni.

"Umekuja kufurahi?"

"Nimekuja kukupeleka nyumbani."

"Ungeninyamazia hadi mwisho, nisingejua kama nimezeeka. Nenda zako, Raili."

Hawakusemeshana tena. Tuovi alistaafu kabla theluji haijayeyuka, na nafasi yake ikachukuliwa na binti mwenye mapafu mazima. Raili sasa anapiga kinanda mazishini. Onyesho bado linajaza ukumbi, na kwenye bango, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba muziki unaongozwa na Raili Hietamies. Aliomba jina lake litolewe. Ilpo akamjibu kwamba mabango yameshachapwa.