Mwendo wa Mama Mkwe

Wifi yangu ni fundi cherehani, na ukimpelekea nguo ya kupunguza kiuno utaipata siku unayoihitaji, Mungu akipenda. Lakini kazi ikipungua husukuma cherehani ukutani, akatandika kitambaa cha kijani mezani, akatoa watu wake. Ni wanasesere wa kimo cha kiganja, ndani waya na pamba, nje mabaki ya nguo za wateja. Anamsogeza mmoja mguu kidogo, anapiga picha kwa simu. Anausogeza tena, anapiga tena. Mwishowe simu inaziunganisha picha zote, na yule mtu wa matambara anatembea. Ni kazi ya kutwa nzima, na ukipiga chafya filamu imekupita.

Mimi hukaa kwenye kigoda dirishani, nimeshika pazia ili vivuli visikimbiekimbie mezani. Sioni tabu. Mikono ikiwa na kazi, midomo hubaki huru kumtaja Mungu.

Filamu aliyoitamani kuliko zote ilikuwa ya marehemu mama yake. Mwanasesere alimshonea gauni kutoka kwenye upindo wa gauni la mama mwenyewe. Alitaka mama mdogo, ndugu pekee wa marehemu aliyebaki, amwone dada yake akitembea tena, kutoka jikoni hadi mlangoni tu.

"Macho ya mama mdogo yanaondoka, wifi," aliniambia. "Nisipomwonyesha sasa, nitamwonyesha lini?"

Akamwonyesha. Mama mdogo aliisogelea simu mpaka pua ikagusa kioo.

"Gauni ni la dada," akasema. "Aliyelivaa simjui."

Wifi akaanza upya, akampunguzia mwanasesere mwendo. Jibu likawa lile lile: "Huyu anatembea kama bibi harusi. Dada yangu hakuwa hivyo." Alikuwaje, basi? Mama mdogo akajaribu kueleza kwa mikono, akashindwa, akacheka, akafuta machozi. Wifi naye, aliyemuuguza mama yake mpaka pumzi ya mwisho, mwendo ulikuwa umemtoka kichwani. Mimi ndiyo kabisa: niliolewa nikamkuta mama mkwe hatoki kitini.

Alasiri moja mume wangu akaja kunitafuta. Ni mtu mwema, ila ulimi wake hauna breki.

"Mama watoto, jiko limelala, wewe uko huku na wanasesere?"

"Shikamoo kaka," wifi akasema bila kuinua kichwa. "Usiitikise meza."

"Marahaba. Mtu mzima mwenye wajukuu, unacheza mchezo wa baba na mama!"

"Mtu mzima huyo ndiye anayekusogezea vifungo kila ukinenepa."

Akaangua kicheko. Kisha akamwona mwanasesere, akalitambua lile gauni, na kicheko kikakatika. "Mama mwacheni apumzike," akasema, akageuka aende zake. Goti linamsumbua siku hizi na fimbo hataki hata kuisikia, kwa hiyo alikwenda ametanguliza bega la kulia, kila hatua akituama kidogo, na mkono wa kushoto ukibaki nyuma, vidole wazi, kama wa mtu anayengoja mtoto aushike.

Sindano ikamdondoka wifi. "Kaka! Rudi!"

"Nimekosa nini tena?"

"Hujakosa. Rudi, halafu uondoke tena."

"Wewe mzima kweli?"

"Ondoka, kaka yangu, nakuomba. Polepole. Mkono uache vile vile."

Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa kuazima. Mume wangu, asiyenyamaza hata watu wakiwa kwenye maombi, akatembea kutoka kwenye cherehani hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena, mpaka goti likagoma. Nikampisha kigoda. Pazia akalishika yeye, na habari za jiko hazikutajwa tena.

Filamu ilipokamilika tulikwenda wote watatu kwa mama mdogo. Akaisogelea simu kama kawaida yake. Mwanasesere akatoka jikoni, bega mbele, akituama, mkono nyuma. Mama mdogo akanyoosha kidole chake kilichokunjamana, akaugusa ule mkono kwenye kioo, na picha ikasimama pale pale.

"Mbona dada amesimama?" akauliza.

Mume wangu ndiye aliyejibu: "Umemgusa, mama mdogo. Ukigusa tena, ataendelea."

"Aende wapi?" akasema mama mdogo, macho yake hapo hapo. "Mwacheni akae kidogo."