Msemaji wa Umwiza

Pascaline alikuwa na mdomo, na hilo hata mwenyewe hakulikana. Pale sokoni, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alipouza ndagala, yaani dagaa, na mawese, mteja aliyeuliza bei ya kopo moja aliondoka akijua pia jinsi wavuvi wa kwao Uvira, Kongo, wanavyotega nyavu, nani kamwoa nani, na kwa nini mchungaji alihamishwa. Basi shirika moja lilipotafuta wa kujitolea kuwatetea shuleni watoto wenye ulemavu wanaolelewa na familia zisizo zao, akina mama wote wa kanisani walimsukuma mbele. Kusema kweli, walitaka kupumua kidogo.

Akapewa mafunzo, fulana ya bluu, na mtoto mmoja wa kumtetea. Umwiza. Mwenye maneno kuliko wote alipewa mtoto asiyeweza kusikia hata moja.

Umwiza alikuwa kiziwi, msichana wa miaka kama tisa. Wazazi wake walimpotea wakati wa kukimbia vita, na mjane aitwaye Nyirakamana akamchukua, akamchanganya na wanawe. Waliishi kwa kuonyeshana vidole: njoo, kula, acha.

Pascaline alianza kwa mwalimu wa darasa, Mugarura.

“Nyabo, mama, huyu mtoto hasikii,” mwalimu alilalamika.

“Ni kweli, mwalimu. Ni kiziwi.”

“Hapana, nasema hasikii! Namwambia kaa, anasimama. Namwambia andika, anachora mbuzi.”

“Sasa mumemukalisha kule nyuma, fasi haone hata ubao! Huyu mutoto ana akili mingi, mwalimu.”

Alisema mpaka kengele ikalia, na mwalimu, mwenye watoto zaidi ya mia darasani, akamhamishia Umwiza kwenye dawati la mbele ili yeye mwenyewe apate amani. Mabadiliko yakaonekana: mbuzi wakawa wazuri zaidi. Mwisho Mugarura akamwambia Pascaline bila kuficha, “Mama, mimi lugha ya alama sijui. Mpeleke Mbarara, kuna shule ya viziwi pale Kakiika.”

Kwanza ilibidi wajifunze alama zenyewe. Seremala mmoja kiziwi, Appolinaire, alifundisha baada ya ibada, nao wakaenda wote watatu, Pascaline, Umwiza na Nyirakamana. Umwiza alizidaka kama aliyekuwa akizingojea. Jambo la kwanza alilomweleza mlezi wake, baada ya miaka yote ile ya kimya, ni kwamba maharage yake yana chumvi mno. Nyirakamana alilia kwa furaha. Alipomaliza kulia, akakasirika.

Pascaline, kwa upande wake, alirusha mikono kama anayefukuza nzi. Appolinaire alimtazama, akafumba macho, akaendelea na wengine.

Siku ya safari Pascaline alivaa kitenge chake cha Krismasi. Tangu Nakivale hadi Kabingo, na tangu Kabingo hadi Mbarara, alijisomea hotuba ya kumlainisha mkuu wa shule hata kama ni jiwe. Yeye na Umwiza walipoingia ofisini, akaifungulia kama bomba. Mkuu, Madam Kobusingye, alimwacha aseme, kisha akatabasamu na kugusa sikio lake. Naye alikuwa kiziwi.

Hotuba yote ile! Pascaline akainua mikono. Alitaka kusema, “Mimi namtetea mtoto huyu, naomba apate nafasi.” Alivyoeleza Umwiza baadaye, mikono ilisema, “Mimi ni mbuzi, naomba kulala.”

Umwiza alicheka hata akateleza kwenye kiti. Alipojifuta machozi, akaishusha mikono ya Pascaline taratibu, akaiweka mapajani, akamgeukia mkuu na kuanza kuongea mwenyewe. Pascaline alishika neno hapa na pale: mama, mwema, mikono mibaya, shule.

Madam Kobusingye akamuuliza mtoto anataka kusoma ili iweje. Jibu hilo Pascaline alilielewa lote.

“Nataka kujua watu wanacheka nini.”

Mkuu akamgeukia Pascaline, akaongea kwa alama, polepole kama anayemwelekeza mtoto wa chekechea: Umwiza ataanza muhula ujao, bweni lipo. Na wewe mama, Jumamosi kuna darasa la wazazi. Usikose.

Pascaline hakukosa. Alikuwa wa mwisho darasani, lakini alama zikaanza kumkaa mikononi.

Siku ya Umwiza kwenda bwenini, Nyirakamana alifunga sanduku, akalifungua, akalifunga tena, pua imemziba kwa kulia. Gari lilipokuwa tayari, mtoto akasimama mbele yake na kuzungumza haraka haraka kwa mikono.

“Anasema nini?” Nyirakamana akauliza. “Machozi yamenijaa, sioni.”

“Anasema anakupenda mingi,” Pascaline akajibu bila kusitasita, macho kwenye mikono ya mtoto. “Atarudi likizo. Na godoro yake, bale batoto bengine basilalie.”