Shule Iliyosimama Kwenye Kahawa ya Baba

Asubuhi moja ya mwanzo wa kiangazi haijanitoka akilini mpaka leo, mwanangu, ingawa mengi ya ujana wangu yamekwisha kunitoroka. Tulikuwa tunapanda kilima chetu, ndicho kijiji chetu, upande wa Nyarusange. Baba alitangulia, mama na mimi tukafuata na mizigo kichwani, na kaka yangu Damasi alikuja nyuma amebeba godoro. Tulikuwa tumetoka Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, nilikokulia tangu utoto. Tulivuka mpaka tukakaa Muyinga msimu mmoja kwa baba mdogo, na sasa tulikuwa tunafika nyumbani hasa.

Njia nzima baba alitusimulia shamba lake la kahawa. Hatukuwa wageni wa shamba lile, maana kambini tulilelewa na habari zake. Tulijua lina ua wa miyenzi, ile miti yenye utomvu mweupe, tulijua mteremko wake unapata jua la asubuhi kabla ya mashamba mengine, tulijua hata mti gani ulizaa vizuri kuliko wenzake. Mtu aliye ugenini hujilisha kwa namna hiyo.

Tukafika. Miyenzi ilikuwepo, imekuwa mirefu. Kahawa haikuwepo. Mahali pake palisimama nyumba ndefu ya matofali mabichi, imeezekwa vigae, na ndani watoto walikuwa wanasoma kwa sauti moja. Baba alitua mzigo wake chini akakaa juu yake. Watoto wakanyamaza, mlango ukafunguliwa, akatoka mtu mwembamba mwenye chaki vidoleni. Ndivyo tulivyomjua Mwalimu Zakariya, ambaye alikuwa amefundisha kilimani pale miaka yote ya vita. Akamtazama baba, akaitazama mizigo yetu, akaelewa. Alimsalimia baba kwa jina, akamwambia karibu nyumbani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayengoja hukumu.

Tulipokelewa na shangazi yangu, dada yake baba, ambaye hakuwahi kukimbia. Baba akapeleka neno lake kwa wazee waamuzi wa kilima, Bashingantahe kama tunavyowaita huku. Wakakaa, wakasikiliza, na majirani wakatoa ushahidi kwamba shamba ni la baba na la babu kabla yake. Mwalimu Zakariya alipoulizwa ana la kusema, alijibu kwamba ni kweli, walijenga kwenye ardhi ya mtu bila kumuuliza. Akakaa chini. Wazee wakaamua ardhi irudi kwa mwenyewe, na shule ihamie ilipokuwa zamani, kule juu kando ya barabara, palipobaki msingi tu na kuta zilizoungua.

Nilifurahi, mwanangu. Damasi alifurahi kunipita mimi, maana alikuwa na umri wa kuoa na alikwisha kuchagua mahali pa kujenga nyumba yake mle shambani. Haki yetu ilikuwa imesimama, na aliyepewa haki yake hana sababu ya kuona haya.

Likizo ilipoanza, Mwalimu hakungoja kusukumwa. Alipanda juu ya paa akaanza kuteremsha vigae, na watoto wakawa wanavibeba kichwani, mmoja mmoja, kuvipeleka juu barabarani. Siku ya pili nilikwenda kutazama. Nilikuwa msichana mkubwa, nimefundisha watoto wadogo kambini, na ulimi wangu haukuwa na breki. Nikamuuliza Mwalimu, mbele ya watoto, kama hakukuwa na ardhi nyingine kilima kizima ila ya watu waliokuwa wanakula posho ugenini.

Aliteremka taratibu, akajifuta vumbi. Kiswahili chake kilikuwa cha soko la Gitega, na alikitafuta kwa ajili yangu, kwa kuwa alijua Kirundi changu kilikuwa bado kinajikwaa.

“Dada,” akasema, “masomo ya zamani ilikuwa kule juu, pembeni ya barabara. Kila mtu wa bunduki alikuwa anapita pale. Waliichoma siku watoto wako ndani. Mi nilitoa wale nilioweza.” Akatazama juu, upande wa barabara. “Kisha tukatafuta fasi yenye barabara haioni watoto. Kilima kizima iko moja tu. Ni ya baba yako.”

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia wazee. Akasema wazee waliuliza ardhi ni ya nani, na hilo alilijibu. Kisha akapanda tena juu ya paa.

Jioni nilimpelekea baba maneno yale, na nilianza kwa kuyabeza, nikisema kwamba mtu akishindwa hakosi hadithi. Baba alikuwa anachambua maharage na shangazi. Aliacha.

“Kaa,” akaniambia. “Tangu tufike tunawasimulia watu hawa jinsi tulivyoteseka kambini. Wametupikia, wametusikiliza, wametupa pole. Wewe umemuuliza nani yaliyompata hapa? Mimi nimemuuliza nani?”

Shangazi akainamisha kichwa. Baba akamgeukia dada yake, na kwa mara ya kwanza akamuuliza. Shangazi akaeleza. Mmoja wa wale ambao Mwalimu hakuweza kuwatoa alikuwa mwanawe wa mwisho. Tulikuwa tumelala nyumbani kwake majuma mengi na hatukujua, maana hatukuwa na nafasi masikioni, tumejaa habari zetu wenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tulidhani kitanda chenye kunguni ni chetu peke yetu.

Asubuhi baba alichukua njia ya shamba, nami nikamfuata. Watoto walikuwa wamekwisha kuanza kupanda na vigae. Aliyetangulia alikuwa msichana mdogo, shingo imekaza, ngata imemtelemkia hadi kwenye paji la uso. Baba akampokea kigae, akageuka, akaanza kuteremka nacho kurudi shambani. Watoto wakasimama, hawakujua wafuate nani. Mwalimu akamwona akija, akabaki juu ya paa mikono mitupu.

“Shule ibaki,” baba akamwambia. “Barabara imetulia leo. Ya kesho anaijua Mungu.”

Sitakudanganya, mwanangu, nikasema baada ya hapo kila mtu alishangilia. Watu wa kilima walimpa baba kipande bondeni, penye majimaji, wakaja kukilima naye kwa ikibiri, ile kazi ya kusaidiana, lakini kipande hakikufikia hata nusu ya shamba. Damasi hakuja kulima. Alimwambia baba kwamba amechukua mali ya waliokimbia akawapa waliobaki, na kwamba yeye hana tena mahali pa kusimamisha nyumba. Akarudi Muyinga, akapata kazi kwenye duka la Mwislamu mmoja ambaye babu zake walitoka Bara Hindi, akaaminika, akaoa hukohuko. Baba alimpelekea salamu kila alipopata mtu wa kumtuma. Hazikujibiwa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, wahenga walisema. Ila hawakusema kwamba anayetoa hutoa pia vya walio nyumbani mwake. Mama ndiye aliyelipa zaidi, kwa kumkosa mwanawe, na hakuwahi kunung'unika mbele yetu.

Shule ikaendelea. Serikali ilikuja kuitambua, ikaleta madawati na walimu, matofali mabichi yakapisha ya kuchoma. Nami nilifundisha mle. Watoto waliotoka Tanzania walikuwa wanakaa nyuma kimya, Kifaransa kimewashinda na wenzao wanawacheka. Mwalimu Zakariya alikuwa anasomesha mbele, mimi nikawa napita nyuma nikiwafasiria kwa Kiswahili, mpaka hata wale wa mbele wakaanza kunivuta nguo wafasiriwe nao.

Baba alipofariki, kilima kizima kilimzika. Damasi alikuja. Alisimama na mama uani baada ya watu kupungua, mvi zimemwanza, akatazama upande wa shule.

“Mama, mimi bado nasema lile shamba lilikuwa letu.”

“Lilikuwa letu,” mama akajibu. “Ndiyo maana baba yako aliweza kulitoa.”

Damasi hakuondoka siku ile, wala iliyofuata, na mama alimpikia.

Mwanangu, wewe uliyezaliwa wakati wa amani, sikupi nasaha ya kuachia haki yako. Idai, na idai mbele ya watu. Ila ukishapewa, usiikimbilie kama mwenye njaa. Muulize kwanza uliyemkuta, yeye alipitia nini wakati wewe hupo. Anayerudi hudhani nyumbani kulimngoja kumelala. Kumbe nako kulikuwa safarini. Kuuliza si ujinga, na mara nyingi jambo ambalo hukuuliza liko hapohapo unapolala. Na ukiamua kutoa, kumbuka wa nyumbani mwako wanatoa pamoja nawe. Wape heshima yao, hata wakikasirika.

Mungu akupe ardhi ya kukutosha, akupe na masikio ya kumtosha jirani yako. Watoto wako wasome mahali pasipo na hofu, na kila mwana atakayerudi nyumbani amkute mama yake yu hai. Nenda kwa amani, mwanangu.