Nyumba Chini ya Ngoro

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nikiwa bado mke mpya hapa Mbinga. Mama mkwe wangu aliingia chumbani kwetu, akaweka kiganja ukutani nyuma ya kitanda, akakitoa kimelowa. Akamtazama dada yako Yustina, mchanga wa miezi tu, kifua kinapanda na kushuka kama mtu aliyekimbizwa.

Nyumba hiyo aliijenga baba yako, Mungu amrehemu. Tofali za kuchoma, bati, sakafu ya saruji. Watu wakitoka misa walipita kuisifu. Loh, na mimi nikaringa! Alikata mlima kupata kiwanja, ukuta wa nyuma akauegemeza kwenye udongo ili shamba la juu lisipungue. Na baridi yetu unaijua, basi akaziba kila tundu chini ya bati. Si tumefundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta? Aliziba mpaka nyumba ikakosa pa kupumulia. Usiku mvuke wa pumzi zetu ulipanda mpaka kwenye bati la baridi, ukarudi matone juu ya blanketi. Kuvu jeusi likatambaa ukutani. Nilisugua, likarudi.

Mama mkwe akamwita mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huko juu ya nyumba yako umelima nini?"

"Ngoro, mama."

Ndiyo yale mashimo yetu Wamatengo, tunayochimba mlimani ili mvua isichukue udongo.

"Kazi yake nini?"

"Kushika maji."

"Yakishashikwa, yanakwenda wapi?"

Baba yako akainua macho kuutazama mlima.

"Yanashuka humo humo ardhini, pole pole, yanamkuta mwanao kitandani. Tangu utoto unalima ngoro, leo umekwenda kulala chini yake! Mtoto namchukua. Wewe baki na sifa zako."

Tulimpeleka hospitali kwanza, halafu tukahamia kwa mama mkwe. Niliogopa, mwanangu. Njia nzima nilikuwa natega sikio nisikie kama bado anapumua.

Baba yako alikuwa mtu wa majivuno, lakini siku hiyo alishika nyundo, akatoboa ukuta juu, pande mbili, mbele ya majirani walewale waliomsifu. Kisha akauondoa udongo uliogusa ukuta, akachimba mfereji juu ya nyumba wa kupeleka maji kando, na ngoro za karibu akazifukia. Ukuta ulichukua kiangazi kizima kukauka.

Yustina alipona, lakini kifua chake hakikurudi sawasawa. Umemwona mwenyewe: hapandi shambani bila kukaa chini njiani, na wasiojua humwita mvivu. Ebo! Mvivu, yule? Neno hilo linaniuma mpaka leo. Nyumba tuliitengeneza, yeye hatukuweza.

Sasa nasikia na wewe umeanza kukata mlima. Nyumba njema si mlango, mwanangu, fungua uingie ndani. Acha nafasi mtu aweze kupita nyuma ya nyumba, na mfereji uchimbwe kabla hujapandisha tofali moja. Msingi uinue, utandike nailoni nzito juu yake ili unyevu usipande ukutani. Upenu uwe mrefu. Wala usipige plasta ukuta ukiwa mbichi, hata kama Krismasi inakukimbiza na wageni wanakuja. Baridi izuie kwa dari na mablanketi, lakini matundu ya juu usiyazibe, mkeo anung'unike asinung'unike. Na huyo fundi wako aliyezoea kujenga Liuli, kwenye mchanga na joto la ziwa, mpandishe mlimani mvua ikinyesha, aone kwa macho yake maji yanakopita. Asipotaka kulowa, tafuta fundi mwingine.

Nenda mwanangu, ujenge. Mungu akupe ukuta mkavu, na watoto watakaolala humo wapumue usiku kucha, bila wewe kuamka kuwasikiliza.