Upande wa Kulia wa Nira

Syokau wa Nuu hakuwa mtu wa kubembeleza wadudu. Mwaka ule wa sabini na kitu, viwavi walipojaa kwenye nyasi baada ya mvua ya kwanza, majirani walisema ni wale wa kila mwaka. Yeye aliinama, akaona wamegeuka weusi, wana mistari ubavuni, wanafyeka nyasi lakini kunde hawazigusi.

"Hawa ni viwavijeshi," akasema. "Wakimaliza nyasi wanakuja kwa mtama."

Watu wakaenda kanisani kuomba. Syokau naye aliomba, ila jembe mkononi. Yeye na bintiye Ndila walichimba mtaro wenye kuta za wima kuuzunguka mtama. Viwavi wakatumbukia humo, na wao wawili wakawakanyaga na kuwafukia mpaka miguu ikanuka. Mtama ukapona. Mashamba ya wengine yalibaki vijiti.

Lakini maksai wake alikuwa na njaa. Alikuwa na huyo mmoja tu. Jirani yake Kavata alikuwa na mwingine, na wawili hao ndio waliofungwa nira moja, wa Syokau kulia, wa Kavata kushoto. Plau moja, nyumba mbili.

Baba mkwe wa Syokau alikuwa amemwonya zamani: nyasi zilizopitiwa na viwavi mifugo hawapewi mpaka mvua izioshe. Jioni moja yakapita manyunyu, ya kulowesha leso tu. Syokau, bingwa wa viwavi, akayaita mvua. Asubuhi akamfungulia maksai ale machipukizi. Kufika adhuhuri tumbo lilikuwa limefura na povu linamtoka. Hakuliona jua likitua. Mimi ninayesimulia haya nilimkasirikia Syokau, na bado namkasirikia, maana alijua.

Kavata alikuja, akasimama kando ya mzoga.

"Mama Ndila, sasa tutalima na nini?"



Msimu uliofuata walimfunga nira maksai wa Kavata peke yake. Akagoma. Alikuwa amezoea mwenzake kuliani. Walimchapa, akasimama tu, kichwa amekigeuzia ile nafasi tupu. Ndipo Syokau akaingia pale, akaweka bega chini ya nira, na mnyama akaanza kutembea.

"Mama, toka! Hiyo ni kazi ya ng'ombe," Ndila akalia.

"Si ni mimi nilimlisha?"

Kavata, nyuma kwenye plau, hakumwambia atoke.