Mhudumu wa Mochwari Anayefinyanga Uso wa Mkewe

Saa tisa alasiri mwanamume wa miaka arobaini na sita anaingia kwake, anavua viatu mlangoni na kunawa mikono kwa sabuni. Anainusa mikono. Ananawa tena. Kisha anavuta kiti mbele ya kompyuta iliyong'oka vitufe viwili, anashika kipanya na kuanza kufinyanga shavu la mwanamke.

Shavu lenyewe ni la kwenye kioo cha kompyuta. Limo ndani ya programu ya kutengenezea gemu, ambamo mtu hupewa donge la kijivu mfano wa udongo, akalivuta na kulibonyeza mpaka likawa mhusika wa kutembea na kuruka. Vijana huitumia kuunda mashujaa na mazimwi. Yeye anamuunda mkewe, aliyefariki miaka minne iliyopita.

"Leo shavu limekataa," anamwambia mwandishi bila kugeuka. "Karibu ukae. Hicho kiti mguu mmoja mgonjwa, usiegemee."

Mtaani wanamwita Mpole. Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa akiwa mhudumu wa mochwari. Kwa siku hupokea maiti wanne, siku mbaya tisa. Huwaosha, huwafumba macho, huwachana nywele na kuwavisha. Mshahara unalipa kodi ya vyumba viwili na karo ya binti yake, basi. Lakini kinachomuuma zaidi ni dukani, anapowekewa chenji juu ya meza ili mkono wake usiguswe.

"Hata shemeji yangu hunipungia kwa mbali," anasema na kucheka. "Ila siku ya msiba, mimi ndiye wa kwanza kupigiwa simu."

Mkewe, fundi cherehani, aliugua wiki mbili tu akafia katika hospitali hiyohiyo anakofanya kazi mumewe. Wenzake walimsihi aende nyumbani, wao watamwandaa. Mpole akakataa katakata.

"Sikutaka mtu mwingine amguse," anasema. "Niliona ndiyo heshima ya mwisho. Kumbe nilijiumiza mwenyewe."

Tangu siku hiyo, kila akimkumbuka, sura inayomjia ni moja: mkewe amelala chali, macho yamefumbwa, naye amesimama juu yake na taulo mkononi. Miaka kumi na tatu ya ndoa imefunikwa na asubuhi moja. Anajua kwamba mkewe alikuwa mcheshi, anayakumbuka hata maneno aliyomtania, lakini uso wenyewe ukicheka haumjii.

Na picha? Simu ya marehemu ilipotea hospitalini. Picha za harusi ziliharibiwa na paa lililovuja. Imebaki ya kitambulisho, nayo ilipigwa siku ambayo jino lilikuwa limemvimbisha shavu.

"Utadhani ameficha embe zima mdomoni," anasema Mpole. "Alikuwa akienda benki anaifunika kwa kidole gumba."

Mwaka jana binti yao, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili, alikuwa akiosha vyombo alipotamka neno ambalo baba yake hajalisahau. "Baba, mama nimeanza kumsahau." Alilisema polepole, kama mtu anayekiri kosa.

"Nilihisi nimefiwa upya," anasema Mpole. "Mimi nilikuwa najipa moyo kwamba angalau mtoto anaye. Kumbe na yeye mama anamponyoka."

Binti alikuwa akijifunza programu ile katika klabu ya kompyuta shuleni. Baba akamwomba amfundishe. Tangu hapo mtoto akageuka Mwalimu ndani ya nyumba, na ualimu wenyewe si wa kubembeleza.

"Baba ana haraka," Mwalimu anashtaki. "Unamwambia ageuze kichwa kwanza aone upande wa pili, yeye anavuta tu. Siku ya kwanza alivuta pua, likaja sikio."

Kabla ya kuthubutu kumgusa mkewe, Mpole alijizoeza kwa mzee mmoja wa kubuni, mwenye fimbo. Ilimchukua wiki tatu. Alipomaliza akamwita binti yake kwa mbwembwe. Mtoto aliangalia, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Baba, huyu amelala."

"Amelala wapi? Huoni amesimama na fimbo yake?"

"Miguu imesimama. Uso umelala."

Mpole alikasirika, kisha akachukua kioo cha kunyolea, akajitupa kitandani chali na kukishika juu yake. Akaona. Mtu akilala chali, nyama za mashavu hurudi kuelekea masikioni, na ngozi ya chini ya kidevu hutulia. Akisimama, vyote hushuka. Miaka kumi na tisa mikono yake ilikuwa imejifunza uso wa binadamu, lakini wa binadamu aliyelala na hataamka.

Ikabidi aanze kusoma nyuso za walio hai, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mhudumu wa mochwari akikukodolea macho foleni nzima, utafanyaje? Muuza mkaa wa mtaa wao hakuvumilia.

"Nilimwambia, shemeji, mbona unanipima? Mimi bado nipo nipo sana!" anasimulia mama huyo, akijishika kifua kwa kicheko. "Aliponieleza anachokitafuta, nilimwelewa. Siku hizi akipita namwambia, haya, leo angalia na shingo."

Mwandishi alicheka pamoja naye.

Miezi miwili iliyopita Mpole alianza uso wa mkewe, na ugomvi ukaingia. Mtoto alitaka kidevu kiongezwe na matundu ya pua yapanuliwe. Baba akasema mama hakuwa hivyo. Mtoto akalia kwamba mama alikuwa hivyohivyo, yeye anamkumbuka, baba ndiye asiyemjua. Siku mbili hawakusemeshana.

Siku ya tatu Mwalimu aliketi kwenye kompyuta, akakigeuza kile kichwa mpaka kikaonekana kutoka chini, kama anavyoona mtoto anayemwinulia mama yake uso. Kidevu kikakua. Pua ikapanuka. Hakuwa ameongeza hata chembe.

"Hapo, baba," akasema. "Hapo ndipo mama."

Mpole anasema alilia mbele ya mtoto kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameuona. Ulikuwa uso wa mke wake akiwa ameinama kumfunga binti yao kamba za viatu, akimtupia mumewe neno la utani mlangoni. Haukukaa sana, anasema, ila ulikuja.

Sasa uso umekaribia kwisha. Limebaki shavu, lile la jino, ambalo binti anashikilia liachwe limevimba kidogo, kumchokoza marehemu. Na yamebaki macho. Mpole ameyaunda yote mawili, ila ameyafunika kwa kope. Kila akitaka kuzifungua, mkono unakwama.

"Kazi yangu ni kufumba," anasema, akiviangalia vidole vyake. "Kufumbua sijawahi. Na naogopa. Nikifumbua nikakuta si yeye anayeniangalia, nitamtafuta wapi tena?"

Wamekubaliana na Mwalimu kwamba kope zitafunguliwa siku shule itakapofungwa. Binti ndiye atakayebonyeza. Kwenye gemu wanayomtengenezea mama hakutakuwa na adui wala pointi. Kuna mlango mmoja tu, na mama amesimama hapo, na mchezaji anamwona kwa kimo cha mtoto wa miaka minane.

Mpole anazima kompyuta na kuifunika kwa kitambaa kilichoshonwa na marehemu. Binti anamuuliza atakaa wapi siku hiyo, maana kiti kizima ni kimoja na kile kingine ni kibovu.

"Mimi nitapiga magoti," anajibu. "Kumwangalia kutoka juu, imeshatosha."