Nyasi za Nyumba ya Babu

Kila nikiezeka upya hii nyumba ya babu hapa Nuu, harufu ya nyasi kavu hunirudisha utotoni, wakati wa vita. Tulipoona moshi wa nyumba zilizochomwa na adui unakaribia, nyanya alipanda juu ya paa akang'oa nyasi zote, tukazificha korongoni.

Baba mdogo akacheka. "Mama, unawasaidia kubomoa?"

"Wewe cheka tu. Ukuta wa udongo hauchomeki."

Tuliporudi kutoka mafichoni, boma za majirani zilikuwa majivu. Kuta zetu zilikuwa zimesimama, na baba mdogo alikuwa anazipiga kwa jembe, ndio tuhame, shamba libaki lake. Nasema wazi: ni yeye aliwaonyesha wale watu njia.

Tukaleta nyasi kutoka korongoni, nyanya akapanda ukutani.

"Weka jembe chini, mwanangu. Nipe nyasi."

Akampa.